Frances Balkwill

Frances Balkwill (alizaliwa 1952) ni mwanabiolojia wa saratani kutoka Uingereza na profesa wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London. Anajulikana kwa utafiti wa saitokini, yaani protini ndogo ambazo seli hutumia kupashana habari, hasa katika saratani ya ovari.

Saitokini aliyoishughulikia sana ni TNF (tumour necrosis factor), inayochochea mchochota mwilini na iliyopata jina lake kwa uwezo wa kuua uvimbe. Mwaka 1999 kundi lake lilifichua upande wake wa pili: panya wasio na jeni ya TNF, walipopakwa ngozini kemikali za kusababisha saratani, walipata uvimbe mchache mno kuliko panya wa kawaida. Kumbe askari wa mwili aweza pia kumlisha adui. Ugunduzi huo ulikuwa mzito. Mwaka 2001, pamoja na Alberto Mantovani wa Italia, aliandika katika jarida la The Lancet makala iliyofufua wazo la daktari Mjerumani Rudolf Virchow la mwaka 1863, kwamba saratani huanzia penye mchochota wa muda mrefu.

Balkwill huwaandikia pia watoto vitabu vya sayansi. Kituo alichokianzisha Whitechapel, Centre of the Cell, kilifunguliwa mwaka 2009. Humo wanafunzi huwatazama wanasayansi wakiwa kazini katika maabara iliyo chini yao.