Mlango, Moto na Funguo

UE imekaribia, watu wanadesa mpaka usiku wa manane. Lakini leo naomba tuongee historia ambayo haimo kwenye silabasi: historia ya mlango.

Machi 25, 1911, New York. Kiwanda cha nguo cha Triangle kilikuwa ghorofa ya 8 hadi ya 10. Moto ulipowaka, mlango mmoja wa ngazi za ghorofa ya 9 ulikuwa umefungwa, eti wafanyakazi wasiibe. Wakafa watu 146, wengi wao mabinti wa rika letu.

Huku kwetu je? Juni 1994 bweni la Shauritanga, Rombo, liliungua usiku, wasichana zaidi ya 40 wakafa. Machi 2001 huko Kyanguli, Machakos, Kenya, wakafa wavulana 67: mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo.

Sasa utasema basi tuache milango wazi. Hapana! Juni 14, 2017 jengo la Grenfell la ghorofa 24 huko London liliungua, wakafa 72. Ngazi ilikuwa moja tu. Uchunguzi ulikuta milango mingi ya fleti haikujifunga yenyewe watu walipokimbia, moshi ukaenda mpaka kwenye ngazi.

Kwa hiyo somo ni hili: mlango wa njia ya kutokea ujifunge wenyewe kuzuia moshi, ila usimfungie mtu ndani. Mlango wa hivyo na ukuta imara havisubiri umeme, wala gari la zimamoto lililokwama kwenye foleni.

Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji tunayo tangu 2007, na ukaguzi wa majengo umo. Lakini kwenye ghorofa ninayopanga huku Temeke, geti la nondo la ngazi linapigwa kufuli saa 5 usiku, na funguo analala nazo mlinzi. Nikamuuliza mwenye nyumba. Akanijibu, "Mwalimu, unataka tuibiwe?"

Ndiyo sababu ileile ya 1911, wadau!

Tukishaajiriwa, wengi wetu tutakabidhiwa bweni na bunda la funguo. Leo usiku, kabla hujalala, uliza tu: hapa funguo anazo nani, na akisafiri je?

Naomba kuwasilisha.