Saa Isiyo na Kwao

Mnamo Julai 1876, Sandford Fleming, mhandisi wa reli mzaliwa wa Scotland aliyefanya makazi Kanada, alifika stesheni ya Bundoran, Ireland, kungoja treni ya saa kumi na moja na dakika 35 jioni, kama kilivyosema kitabu cha safari. Treni haikuja. Saa ilikuwa ile ile, ila ya alfajiri. Herufi moja ya mpiga chapa ilikuwa imeigeuza alfajiri kuwa jioni, na msafiri hakuwa na la kufanya ila kungoja kuche.

Tangu hapo Fleming alipigania mambo mawili: wakati mmoja kwa ulimwengu mzima, na hesabu ya saa 24. Zamani kila mji ulikuwa na adhuhuri yake. Desturi hiyo ilivunjwa na reli. Mnamo Novemba 1840 reli ya Great Western ya Uingereza ilianza kufuata saa ya London, na tarehe 18 Novemba 1883 reli za Marekani na Kanada zikagawa nchi kwa kanda za saa. Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington. Wengi wao wakachagua Greenwich iwe mwanzo wa longitudo, na siku ya dunia ianzie usiku wa manane wa hapo, ihesabiwe kutoka sifuri hadi 24. Hata hivyo, saa za wenyeji hawakuzifuta.

Urithi huo wa saa mbili umewafikia waundaji wa programu za kompyuta. Kundi moja huwa na watu Nairobi, Berlin na California, na toleo jipya lina siku ya kufunga mlango. Anayechelewa hungoja toleo lijalo. Kwa Ubuntu, kwa kawaida, ni miezi sita. Basi tangazo likisema "mwisho Ijumaa, saa 23:59", ni Ijumaa ya nani? Wapo wanaofuata saa ya dunia, UTC; kwa mtu wa Unguja mlango hufungwa Jumamosi, saa nane na dakika 59 usiku. Wapo wanaofuata desturi ya "Popote Duniani": Ijumaa haijesha mpaka ishe kwenye ukanda wa mwisho, saa 12 nyuma ya Greenwich, viliko visiwa vya Baker na Howland visivyokaliwa na mtu. Hapo mlango hufungwa Jumamosi hiyo hiyo, saa nane na dakika 59 mchana. Akrabu zimesimama pale pale, na kati yake zimepita saa 12.

Dawa ya wataalamu, iliyoandikwa katika kanuni ya RFC 3339 ya mwaka 2002, ni kutaja mwaka, mwezi, siku, saa, na mwishoni umbali wa saa hiyo kutoka UTC.

Mswahili haoni ugeni hapo. Yeye huhesabu saa tangu macheo na machweo, kwa hiyo "saa nane" peke yake kwake ni neno pungufu mpaka liongezwe usiku au mchana. Na kwa kuwa usiku wa Ijumaa kwa wengi wa pwani ndio utanguliao mchana wake, husema "usiku wa kuamkia Ijumaa", shaka ikaondoka. Kinachobaki kwa atangazaye mwisho wa kazi ni adabu hiyo hiyo: aitaje saa pamoja na kwao.