Sili Aliyebaki Mlimani

Kila mlima katika gemu ya Ice Climber una ghorofa nane za barafu. Unaanza chini ukiwa na nyundo ya mbao, unaruka, unavunja tofali lililo juu ya kichwa chako, unapita kwenye tundu ulilolitoboa mwenyewe, halafu unarudia hivyo hivyo mpaka ghorofa ya nane. Hapo matofali yanakwisha. Vinabaki vipande vya ardhi vinavyoelea, mawingu, mboga za kuokota (biringanya, karoti, kabichi) na sekunde 40. Juu kabisa anazunguka kondori. Ukimrukia na kumshika miguu, mlima umekwisha na unapewa mwingine. Ipo milima 32.

Nintendo waliitoa gemu hii Japani mwezi Januari 1985, kwa ajili ya mashine yao ya nyumbani iitwayo Famicom. Mimi niliicheza zaidi ya miaka ishirini baadaye, Dar es Salaam, kwenye mashine ambayo Nintendo hawakuitengeneza. Sasa nasoma shahada ya uzamili ya historia na nimekuwa nikiufikiria mlima huu kuliko ninavyothubutu kuwaambia wanaonilipia ada.

Tuanze na kanuni ambayo haikuandikwa popote kwenye kioo. Ukipanda, picha inapanda nawe, na haishuki tena. Ghorofa uliyosimama sasa hivi, ikishapita ukingo wa chini wa kioo, haipo. Ukiteleza ukaangukia kule ilikokuwa, unakufa, ingawa uliiona kwa macho yako na unajua ilikuwa imara. Mlima mzima ni kile kipande kinachoenea kwenye televisheni, vingine vyote vimeshafutwa au havijachorwa bado.

Ni rahisi kuilaumu mashine. Famicom ilikuwa na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya picha, na gemu yenyewe, milima yote 32 pamoja na muziki wake, ilienea katika kilobaiti 24 hivi. Picha moja unayopiga leo kwa simu ya bei rahisi inaimeza mara nyingi. Lakini sababu hiyo haitoshi. Metroid, iliyotoka mwaka 1986 kwa mashine hiyo hiyo, inakuruhusu kupanda shimo refu kisha ukarudi chini upendavyo. Kwa hiyo mimi naiona kanuni ya Ice Climber kuwa ni uamuzi zaidi ya kuwa ni upungufu. Mtu fulani alitaka mlima usio na kurudi. Na ukichelewa sana, anatokea dubu mweupe aliyevaa miwani ya jua, anaruka na kutua kwa kishindo, na kishindo hicho kinaisukuma picha nzima juu. Dubu huyo hana haja ya kukugusa. Anakupunguzia mlima tu.

Kupanda kulikuwa kumeshazoeleka katika gemu kabla ya hapo. Crazy Climber ya mwaka 1980 ilikuwa na mtu anayekwea ghorofa refu dirisha kwa dirisha. Donkey Kong ya 1981 ilikuwa na ngazi na vyuma vya jengo, ila kila hatua yake ilionekana yote kwa mara moja: yule sokwe yuko juu, wewe uko chini, na njia nzima unaiona kabla hujapiga hatua. Ice Climber iliiondoa starehe hiyo. Huoni unakokwenda, na ulikotoka kumeshapotea. Aliyeiandika programu yake, Kazuaki Morita, baadaye aliizungumzia kama mazoezi ya kujipasha moto kabla ya Super Mario Bros., iliyotoka Septemba mwaka huo huo. Inaaminika ukizitazama pamoja. Mario anakwenda kulia badala ya juu, lakini picha yake nayo hairudi nyuma. Milima ile ikalazwa chini ikawa barabara, na barabara ndiyo iliyoishinda dunia.

Ninawaelewa walioipenda barabara. Kuruka katika Ice Climber ni adhabu. Mpandaji anapaa juu kama aliyerushwa na manati, lakini kwenda pembeni hawezi, anasogea kidogo tu kama anayeogopa. Unaweza kuruka vizuri kabisa ukajikuta umepita kando ya tofali ulilolilenga, unarudi ulikotoka. Watu wa rika langu wanaoijaribu leo huiweka chini baada ya dakika tano, na sina la kuwashawishi.

Isipokuwa wakiwa wawili. Gemu hii ina wapandaji wawili, Popo mwenye nguo ya buluu na Nana mwenye nguo ya waridi, na inaruhusu wachezaji wawili kwa wakati mmoja, kwenye mlima mmoja. Hapo ndipo ile kanuni ya picha isiyorudi inageuka kuwa kitu kingine. Picha inamfuata aliye juu. Mwenzako akiwahi ghorofa mbili mbele, sakafu unayoikanyaga wewe inatoka kwenye kioo, nawe unakufa hapo hapo ulipo bila kuteleza na bila kuguswa na adui yeyote. Kosa lako ni kuwa na mwenzako mwepesi.

Dada yangu alikuwa mwepesi. Alinizidi miaka minne, na padi yenye vitufe vizima ilikuwa yake kwa haki ya kuzaliwa kwanza. Akipanda nilikuwa napiga kelele, "Dada, nisubiri!", naye anajibu bila kugeuka, "Panda!" Kuna majirani waliodhani tunagombana kweli, na siku nyingine tulikuwa tunagombana kweli. Nimesoma maandishi mengi yanayoieleza Ice Climber kuwa ni gemu ya ushirikiano. Kwa ngazi zile nane, sawa, mnaweza kutoboleana njia. Lakini juu kule kwa kondori anashika mmoja, na mwingine anabaki akimtazama.

Sasa nije kwa mnyama.

Katika milima hii hupandi peke yako. Kwenye kila ghorofa hutembea mnyama mfupi aitwaye Topi, ambaye kazi yake ni kuharibu kazi yako. Akifika kwenye tundu ulilolitoboa anageuka, anarudi alikotoka, kisha anakuja tena akisukuma bonge la barafu na kuliziba. Unaweza kumpiga nyundo. Katika toleo la Japani, Topi ni sili: mnyama wa baharini, mnene, mwenye kutambaa kwa tumbo. Gemu ilipopelekwa Marekani Oktoba 1985, ikiwa miongoni mwa gemu 17 za kwanza za mashine ya NES, sili hakuwemo. Mahali pake palikuwa na kiumbe mfupi mwenye manyoya, wa kubuni, anayetembea kwa miguu miwili. Ulaya nako walipata huyo mwenye manyoya. Mwendo ni ule ule, tundu linazibwa vile vile, picha tu ndiyo iliyobadilishwa.

Wengi wanaielewa sababu kwa kuutazama wakati wenyewe. Miaka hiyo picha za watoto wa sili wakipigwa kwa marungu juu ya barafu ya Kanada zilikuwa zimewaudhi watu wengi Ulaya na Amerika. Mwaka 1983 Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya ilipiga marufuku uingizaji wa ngozi za watoto hao. Miaka miwili tu baadaye, kuuza gemu ya watoto ambamo mtoto mwenzao anampiga sili kwa nyundo ya mbao, juu ya barafu, kungekuwa kujitafutia balaa. Kwa hiyo sili akavishwa manyoya. Nikiwa mwanafunzi wa historia napenda mabadiliko madogo ya namna hii. Kilobaiti chache za michoro zinabeba ugomvi wa mabara mawili.

Na zinabeba jambo jingine, ambalo ndilo lililonifanya niandike haya. Pendekezo langu la kwanza la utafiti lilihusu mashine za gemu zilizoingia mitaani kwetu. Mwalimu mmoja alilisoma, akaniuliza swali moja: vyanzo viko wapi? Halikuwa swali la kebehi. Mashine hizo ziliigiza Famicom, nyingi zilitoka viwanda vya Taiwan na China, na zilifika bila kumbukumbu ambayo mwanahistoria angeizoea. Kaseti zake ziliandikwa kwamba zina gemu 999, na ndani mlikuwa na gemu kama kumi na kitu zilizorudiwa kwa majina tofauti. Wanakili wengi walifuta hata jina la Nintendo na mwaka kwenye ukurasa wa mwanzo. Hakuna stakabadhi, hakuna tangazo la gazetini. Duka lenyewe lilikuwa meza.

Lakini kaseti inaweza kusomwa kama hati. Fungua skrubu moja, utaona safu ya meno ya shaba. Kaseti ya Famicom ya Japani ina meno 60, ile ya NES ya Marekani na Ulaya ina 72. Kaseti ya nyumbani kwetu, ambayo mama aliitunza pamoja na betri zilizokufa na funguo zisizo na makufuli, ina meno 60. Halafu iwashe, uchague Ice Climber, usubiri mnyama wa kwanza atokee. Akitembea kwa miguu miwili na manyoya yake, aliyenakili alikuwa na toleo la Magharibi. Akitambaa kwa tumbo, nakala yako ilichukuliwa kutoka Japani, ikapita bila kugusa Marekani.

Wanaosoma miswada ya kale hufanya hivyo hivyo. Mnakili mmoja akikosea neno, kosa lake hurithiwa na nakala zote zitakazomfuata, na kwa kosa hilo unaijua ukoo wake. Sili ni neno la namna hiyo. Wakubwa wa Magharibi walilihariri, lakini hariri hiyo haikufika kwetu kwa sababu sisi hatukuwa wateja wa mtu yeyote. Tulikuwa nje ya soko lao, na nje ya soko mlima ulibaki kama ulivyochorwa.

Hii si hoja ya kusifia uharamia, ingawa nimeshashutumiwa kwa hilo kwenye semina moja yenye joto kali. Ni hoja ya kuhesabu kilichopo. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani iitwayo Video Game History Foundation ilitangaza kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani hazipatikani tena kwa njia ya kawaida ya kununua. Ice Climber imebahatika, imeuzwa upya mara kadhaa. Vijana wengi wanawajua Popo na Nana kutoka kwenye Super Smash Bros. Melee ya mwaka 2001, ambako wanapigana wakiwa wameongozana, na hawajui kwamba waliwahi kuwa na mlima. Katika toleo la 2014 waliachwa kwa sababu mashine ndogo ya mkononi, 3DS, haikuweza kuwabeba wawili kwa pamoja. Wakarudi 2018. Hayo yote yameandikwa na kuhifadhiwa. Ambacho hakijaandikwa ni kaseti ya meno 60 iliyopanda boti, ikashuka bandarini, ikafika kwenye meza ya mtaa wetu ikiwa na mnyama ambaye watoto wa New York hawakuonyeshwa.

Pendekezo la pili limekubaliwa. Nimeanza na mafundi waliokuwa wakizitengeneza mashine hizo, na watu wazima wenye kaseti kwenye madroo. Swali langu la kwanza kwa kila mmoja ni moja, na ninajitahidi kutomtajia mnyama yeyote ili nisimwekee jibu mdomoni: pale mlimani, nani alikuwa anaziba matundu?

Nilimjaribia dada yangu kwanza, kwa ujumbe wa simu. Alijibu usiku sana, baada ya kuwalaza wanawe. "Si yule mnene anayetambaa? Mbona ulikuwa unamwogopa."