Bei ya Mkonge na Debe la Mahindi



Wapendwa taifa la Mungu, katika tafakari ya juma hili tumependa tutazame jambo linalozungumzwa na kila familia itokapo sokoni, nalo ni kupanda na kushuka kwa bei. Wengi wetu tumezoea kuiona bei kama mvua, kwamba huja na kuondoka yenyewe, na kazi yetu ni kuvumilia tu. Historia ya Korogwe na Handeni yatufundisha vingine. Nyuma ya bei yapo maamuzi ya watu, na palipo na maamuzi pana wajibu.

Tuanze na mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, nayo iliyofika hai na kupandwa huku Tanga ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo michache yakaenea mashamba makubwa kando ya reli ya Tanga, na katika Korogwe majina ya Magunga, Ngombezi, Hale na Mazinde yakawa mashuhuri. Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali, kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji, wakaitwa manamba, na ujira wao ukahesabiwa kwa kipande cha siku 30 za kazi. Mtu huyo aliishi katikati ya bei mbili. Bei ya mkonge aliokata iliamuliwa katika soko la London, na bei ya mahindi aliyokula ilitegemea mvua ya hapa karibu, hasa kwa wakulima wa Handeni waliokuwa wakiuza chakula chao wanapojaliwa mavuno.

Mdororo wa uchumi wa dunia ulipoanza mwaka 1929, bei ya mkonge iliporomoka kwa zaidi ya nusu katika miaka michache. Wenye mashamba walifanya mambo mawili: walipunguza ujira, na walizalisha mkonge mwingi zaidi ili wafidie hasara. Kila shamba lilipofanya hivyo, soko lilifurika na bei ikazidi kulemewa. Katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1930, nzige na ukame viliipiga Handeni. Basi bei ya jasho ikashuka wakati chakula kikiwa haba.

Je, bei ilipopanda mnyonge alinufaika? Mwaka 1942 Wajapani waliziteka Ufilipino na Java, na mataifa yaliyopigana nao yakautegemea sana mkonge wa Tanganyika. Hata hivyo serikali ya Uingereza iliununua kwa bei iliyoipanga yenyewe, na watu wakachukuliwa kwa nguvu kwenda mashambani. Vita vya Korea vilipozuka mwaka 1950 bei ilipaa, kisha ikaanguka vita vilipokuwa havijaisha. Manamba hakuulizwa neno katika kupaa wala katika kuanguka.

Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge. Baada ya hapo bei ilishuka hata karibu nusu, kwa kuwa nyuzi za plastiki zitokanazo na mafuta ya petroli zilikuwa zimeingia sokoni. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967 bei ikiwa tayari inashuka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umefikia takriban tani 20,000. Mwalimu Nyerere alilieleza jambo hili kwa mfano mwepesi: trekta iliyonunuliwa mwaka 1965 kwa thamani ya tani 17 na kidogo za mkonge, mwaka 1972 ilihitaji tani 42. Mkulima wa mkonge hakuwa mvivu zaidi. Jasho lake ndilo lililopimwa kwa mizani nyingine. Na mafuta yalipopanda bei mwishoni mwa mwaka 1973, mkonge nao ukapanda, lakini ukame ukaja, na taifa likalazimika kununua nafaka ng'ambo kwa bei kubwa.

Mwaka huo huo wa 1967 Baba Mtakatifu Paulo VI alitoa waraka wa Populorum Progressio. Humo alifundisha kwamba bei iliyokubaliwa sokoni haitoshi kuitwa ya haki, ikiwa wanaopatana hawalingani kwa nguvu. Yeye alinena juu ya mataifa. Lakini sisi, tukiwa wakweli, tutaliona jambo hilo hilo katika magulio yetu.

Mzazi anayedaiwa ada, akauza mahindi yake yote wakati wa mavuno bei ikiwa chini, na miezi michache baadaye akanunua debe lile lile kwa bei kubwa, hakupatana na mtu wa nguvu sawa. Na lumbesa je? Hapo bei inayotajwa ni ya gunia moja, na kinachobebwa ni zaidi ya gunia. Sheria ya nchi imeikataza, na nabii Amosi aliwakemea wenye vipimo vya hila zamani sana.

Wapendwa, soko la London hatuliwezi. Lakini twaweza kukataa lumbesa, iwe twauza au twanunua. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo twaweza kumkopesha jirani ada bila riba, ili asilazimike kuuza chakula cha watoto wake. Twaweza kuweka akiba ya mahindi kabla ya kufikiri juu ya faida. Na yeyote kati yetu aliyeajiri kibarua, bei ya mazao yake ikipanda, asimsahau aliyeyalima. Kwa maana ikishuka, huyo ndiye wa kwanza kupunguziwa.

Mungu awabariki nyote, na azibariki kazi za mikono yenu.