Kiyama chenye Utani: Msimulizi wa Riwaya, Runinga na Kibanda Umiza

Mwaka 1990 zilitoka riwaya mbili zisizoiogopa mbingu. Ya kwanza ni Good Omens ya Waingereza Terry Pratchett na Neil Gaiman. Ya pili ni Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyofuatwa na Mzingile mwaka 1991. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, na kutoka Kisorya wilayani Bunda, mkoani Mara, kivuko huvuka hadi Rugezi kisiwani humo. Kwa watu wa Mara, basi, ni jirani wa ng'ambo tu.

Katika Good Omens, malaika Aziraphale na pepo Crowley wameizoea dunia kiasi cha kula njama kukizuia kiyama. Mpinga Kristo amebadilishwa kimakosa akiwa mchanga. Tauni, mmoja wa wapanda farasi wa kiyama, amestaafu kwa hasira ya penisilini, na kazi yake kapewa Uchafuzi. Ukivisimulia visa hivi bila mzaha, utabaki na hadithi ya kutisha. Kinachochekesha ni msimulizi: anakatiza mambo mazito kwa umbea na kutundika tanbihi mahali pasipodai tanbihi. Pratchett alifariki mwaka 2015, na Gaiman akaandika peke yake mswada wa tamthilia ya sehemu sita iliyoonyeshwa na Amazon mwaka 2019. Tatizo lake lilikuwa moja: kamera haina tanbihi. Alilitatua kwa kumfanya Mungu mwenyewe awe msimulizi, kwa sauti ya Frances McDormand. Naona sauti hiyo ndiyo iliyoiokoa kazi; inaponyamaza kwa muda mrefu, tunabaki na moshi na milipuko ya kawaida. (Kikundi kimoja cha Wakatoliki nchini Marekani kilikusanya saini zaidi ya 20,000 kudai tamthilia ifutwe, kikaipelekea Netflix, ambayo haikuhusika nayo hata kidogo. Pratchett asingekosa kuiwekea tanbihi.)

Na riwaya ya Kezilahabi je? Husemwa kwamba Mzingile haiigiziki: haina msuko ulionyooka, na wakati wake umevurugika. Mtu anamtafuta mzee mmoja ampe habari za kifo cha mwanawe, na mzee huyo, ambaye msomaji haoni taabu kumfananisha na Mungu, hashtuki. Kisha dunia inateketea. Hoja ya kwamba haiigiziki inapima filamu kwa msuko, ilhali watazamaji wetu walikwishafundwa kufuata sauti. Katika vibanda umiza, yaani kumbi za video za mitaani, Musoma na kwingineko, mtafsiri wa filamu, kazi iliyopata umaarufu kwa watu kama Lufufu, hakuishia kutafsiri. Alimtania steringi, akamsengenya adui, akaeleza yasiyokuwamo pichani, na watu wakacheka huku maiti zikianguka. Huyo ni msimulizi wa Pratchett aliyeshika maikrofoni. Mtupie Mzingile naye ataiongoza hadhira, kwa sababu hajawahi kutegemea msuko wa mtu mwingine.

Pingamizi zito zaidi ni la imani. Mara ni nchi ya makanisa: Wamenoni wako Shirati tangu 1934, na Waadventista wanaungojea ujio wa pili kwa dhati. Utani juu ya kiyama utawaudhi baadhi yao, na wana haki ya kuudhika. Lakini Butiama, kwao Nyerere, inatupa mfano wa kufikiria. Nyerere, Mkatoliki asiyekosa misa, alizitia Injili nne na Matendo ya Mitume katika tenzi, bahari iliyokuzwa na Waislamu wa pwani, zikachapishwa Ndanda mwaka 1996. Neno takatifu lilibadili sauti bila kupoteza heshima yake. Nakiri kwamba Nyerere hakutania, wala Kezilahabi hatanii kwa wepesi wa Pratchett. Kicheko chake kina uchungu. Hata hivyo, anayemchora mzee wa mbinguni aliyechoka hamkejeli Mungu zaidi ya anavyotukejeli sisi tuliomwachia kazi zetu.

Kwa hiyo watayarishaji wa filamu wasiisubiri bajeti ya Amazon ndipo waiguse Mzingile. Wapate kwanza idhini ya wenye haki, kisha wamtafute msimulizi kabla ya kukodi kamera.