Wiki ya Kujisomea ni Mali ya Nani?

Kila muhula unapofika ukingoni, wanafunzi huuliza swali lilelile: katika siku za kujisomea kabla ya mitihani ya mwisho, vipindi vipo au havipo? Ratiba husema havipo. Desturi husema vingine. Mhadhiri aliyebakiwa na mada tatu hutangaza kipindi cha kufidia, mwakilishi wa darasa husambaza ujumbe, na hakuna athubutuye kukosa.

Historia hutusaidia kulielewa jambo hili. Makerere iliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949. Chuo cha Dar es Salaam kilifuata njia hiyo kilipofunguliwa Oktoba 1961. Shahada ilikuwa ya London, na hatima ya mwanafunzi iliamuliwa kwa sehemu kubwa na mitihani ya mwisho. Katika mfumo huo, kukaa maktabani peke yako hakukuwa mapumziko; ndiko kulikokuwa kusoma chuo kikuu.

Baadaye tulihamia mihula miwili na alama za majaribio. Leo, katika vyuo vyetu vingi, kazi za muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60 katika kila 100. Muda ukawa mfupi, majaribio yakawa mengi, na kila siku iliyopotea ikatafutiwa fidia palipo na upenyo. Mwaka 2020 vyuo vilifungwa Machi kwa sababu ya korona, vikafunguliwa tarehe 1 Juni. Kubana ratiba wakati ule kulikuwa na sababu. Hatari ni kwamba la dharura huzoeleka, kisha likageuka kanuni.

Hapa Katavi tuna kipimo kizuri cha hoja hii. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, humfikia mwalimu wa Mpanda au karani wa Mlele asiyeweza kuacha kazi. Yeye husoma kwanza, ndipo hukutana ana kwa ana na mhadhiri ili kufafanuliwa yaliyomtatiza. Mkutano huo huutumikia usomaji wake. Kipindi cha kufidia hufanya kinyume: humletea mwanafunzi mada mpya saa ambayo angepaswa kuzitafakari za zamani.

Anayeumia zaidi ni yule asiye na kompyuta yake, anayengoja zamu ya kitabu kimoja maktabani, au aliyepanga siku hizo kulipia saa za darasani alizozikosa kwa ugonjwa wa mtoto. Mwenye nafasi hufidia usiku. Asiye nayo hana pa kufidia.

Najua hoja ya wenzangu: tusipofundisha, mwanafunzi atakutana na swali la mada asiyoisikia. Hoja hiyo ina uzito, lakini dawa yake iko mikononi mwetu. Atungaye mtihani ni sisi. Mada isiyofundishwa kabla ya wiki ya kujisomea isiulizwe. Mlango wa ofisi ukae wazi kwa wenye maswali, mahudhurio yasichukuliwe, wala mada mpya isifunguliwe.

Ndugu msomaji, mtaala usiokamilika ni deni la mhadhiri na chuo chake. Si haki kumtoza mwanafunzi deni hilo, tena katika juma ambalo hana kitu kingine cha thamani ila muda.