Somo la Historia: Chuo Kisichokuwa na Nyumba



Ukipita jioni karibu na shule ya sekondari, siku za mitihani zikikaribia, utawaona vijana wanne au watano wameinamia kitabu kimoja. Mmoja aeleza, wa pili abisha, wa tatu aandika. Wanajiandaa kwa mtihani wa kemia. Pengine mzazi hunung'unika, “Mbona hawa wanazungumza badala ya kusoma?” Leo nitamjibu mzazi huyo kwa habari za kweli za zamani.

Kwanza, kemia ni nini? Ni elimu ya kujua vitu vimefanyizwa kwa kitu gani, na vikichanganywa au vikitiwa moto hugeuka kuwa nini. Chuma kikishika kutu, au maziwa yakichacha, hayo ni mambo ya kemia. Elimu hii haitoshi kuisikia tu. Mwanafunzi hana budi kupima, kuchanganya, na kutazama kwa macho yake mwenyewe.

Sasa twende Ulaya, katika mji wa Warsaw, nchi ya Poland. Zamani hizo mji huo ulitawaliwa na Urusi. Watoto walilazimishwa kusoma kwa Kirusi, si kwa lugha ya mama zao. Hapo ndipo alipozaliwa Maria Skłodowska, mwaka 1867. Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu na fizikia. Mwaka 1883 Maria alimaliza shule ya sekondari, akapewa medali ya dhahabu. Lakini mlango wa mbele ulifungwa: chuo kikuu cha Warsaw hakikupokea wanawake.

Je, walikaa kitako na kulia? La. Watu wa mji ule walianzisha chuo cha siri. Walikutana katika nyumba za watu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, ili polisi wasiwagundue. Kwa sababu ya kuhamahama huko, watu walikiita Chuo Kikuu Kirukacho. Aliyejua zaidi alimfundisha aliyejua kidogo. Maria na dada yake Bronisława walikuwa miongoni mwa wanafunzi.

Dada hawa wawili walitamani kwenda Paris, Ufaransa, ambako wanawake walikubaliwa chuoni. Fedha hazikutosha hata kwa mmoja. Basi wakafanya mapatano. Bronisława, aliye mkubwa, atangulie kusomea udaktari. Maria afanye kazi na kumpelekea fedha. Mkubwa akifaulu, naye amsaidie mdogo.

Mwaka 1886 Maria alikwenda shamba kuwa mwalimu wa watoto katika nyumba ya tajiri. Usiku alisoma vitabu vya sayansi peke yake. Tena aliwakusanya watoto wa wakulima, akawafundisha kusoma na kuandika lugha yao, ingawa serikali ilikataza. Fikirini: yeye mwenyewe alikuwa na kiu ya elimu, na bado aliwagawia wengine.

Aliporudi Warsaw alipata maabara, yaani chumba cha kufanyia majaribio. Kiliitwa makumbusho ya viwanda na kilimo, na mkubwa wake alikuwa binamu yake, Józef Boguski. Maria alikwenda huko jioni na siku za Jumapili, akajaribu yale aliyoyasoma vitabuni. Mara alifaulu, mara alishindwa, lakini mikono yake ilizoea kazi.

Mwaka 1891 Bronisława alipata udaktari, akatimiza ahadi. Mwaka huohuo Maria alifika Paris. Aliona kwamba wenzake Wafaransa wamemtangulia katika hesabu, na lugha yao ilimsumbua. Akajitahidi. Katika mtihani wa shahada ya sayansi, mwaka 1893, akawa wa kwanza. Mwaka 1894 katika hesabu akawa wa pili.

Baadaye aliolewa na Pierre Curie. Mwaka 1898 waligundua elementi mbili mpya. Moja waliiita poloni, kwa heshima ya Poland. Maria alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1903, pamoja na mumewe na Henri Becquerel, na ile ya kemia mwaka 1911.

Liko jambo moja dogo ambalo mimi nalipenda kuliko tuzo zote. Mwaka 1893 Maria alipewa msaada wa rubo 600 za masomo. Alipopata mshahara alizirudisha, ingawa hakuna aliyemdai. Alitaka mwanafunzi mwingine maskini azitumie.

Basi, tumjibu mzazi wetu. Wale vijana hawapotezi wakati. Anayemweleza mwenzake huona mahali ambapo yeye mwenyewe hakuelewa, na anayeuliza humsaidia anayejibu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ni kweli kwamba siku ya mtihani kila mtu hukaa peke yake na karatasi yake. Lakini hafiki pale peke yake.

Nawe msomaji, uliyefundishwa herufi juzi tu, unaye jirani asiyezijua bado. Deni lako ni kwake.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini chuo kile kilihamahama?
2. Dada wawili walipatana nini?
3. Ni nani aliyekusaidia kusoma, nawe utamsaidia nani?

Kwaherini mpaka somo lijalo.